Saladi ya maji ikigoma pwani: anza na tangi, jani baadaye

Mkulima akinipigia simu kuhusu saladi ya maji iliyoharibika, yaani saladi inayokuzwa bila udongo, mizizi ikiwa kwenye maji yenye mbolea, karibu kila mara anaanza na jani: limekuwa njano, limeungua pembeni, limelala. Mimi humwomba kwanza aende kwenye tangi, atumbukize mkono ndani ya maji, aniambie kama ni ya baridi au vuguvugu. Halafu achomoe mche mmoja atazame mizizi yake. Jani hutoa taarifa kwa kuchelewa. Likibadilika rangi leo, kosa lilitokea siku kadhaa nyuma, na mara nyingi lilitokea kwenye maji.

Nalima Kibaha, mkoa wa Pwani, ndani ya vitalu nyumba viwili vya mita 8 kwa 24, na mavuno yanaenda supamaketi za Dar es Salaam. Kwa hiyo niyasemayo hapa ni ya ukanda wa joto na unyevunyevu. Mwenzangu wa Lushoto au Arusha ana shida zake, hasa ubwiri vinyoya, ugonjwa unaopenda ubaridi na majani yaliyolala na umande. Huku kwetu maadui wakubwa ni wawili, joto la maji na chumvi ya maji, na wote wawili hujificha nyuma ya dalili zinazofanana na njaa. Ndiyo maana mkulima akiona jani limepauka anakimbilia mbolea, na mbolea inammalizia shamba.

Kabla ya yote: kipimo chako kinasema kweli?

Kipimo cha pH (uchachu wa maji) kilichokaa kikavu ndani ya droo miezi mitatu hakifai kuaminiwa. Kisahihishe kwa maji maalumu ya pH 7.00 na 4.01 walau mara moja kila wiki mbili, na ncha yake ihifadhiwe ikiwa na unyevu muda wote. Cha EC, yaani wingi wa chumvi zilizoyeyuka ndani ya maji, kina maji yake ya kusahihishia, ya 1.413 mS/cm. Maji hayo hayana gharama kubwa ukilinganisha na mche mmoja mmoja unaoutupa.

Lipo pia kosa linalowapata wengi bila wao kujua. Vipimo vingine haviandiki EC, vinaandika ppm (sehemu kwa milioni), na ppm zina hesabu mbili: kuna kipimo kinachozidisha EC kwa 500 na kingine kwa 700. Maji yale yale yenye EC 1.4 yatasomeka 700 kwenye kipimo cha kwanza na 980 kwenye cha pili. Sasa jirani anakwambia, "Mimi saladi yangu naiweka 900," wewe unaiga, kumbe vipimo vyenu havizungumzi lugha moja na huenda unawapa mimea yako chumvi zaidi ya anayowapa yeye. Tumia EC. Kama kifaa chako kina ppm tu, tafuta kwenye karatasi yake kinazidisha kwa ngapi.

Shabaha zangu za saladi ni hizi: pH kati ya 5.5 na 6.2, EC 1.2 hadi 1.6 miezi ya baridi (Juni hadi Agosti), na 0.9 hadi 1.2 kuanzia Desemba hadi Machi. Wakati wa joto mmea unakunywa maji mengi kuliko unavyokula, kwa hiyo chakula kizito kinaubana.

Mbegu hazioti, au zinaota chache

Hili hutokea sana Januari na Februari, na wa kwanza kulaumiwa huwa muuza mbegu. Anaweza kuwa na kosa, lakini jipime kwanza wewe. Mbegu ya saladi ikishalowa, ikakutana na joto linalokaribia nyuzi 30, hujifunga. Haijafa, imegoma tu, na hata ukiirudisha kwenye ubaridi baadaye inaweza kubaki imelala. Trei iliyowekwa ndani ya kitalu nyumba saa tano asubuhi haina matumaini.

Panda jioni, baada ya saa kumi na mbili. Trei zikae saa 24 hadi 48 za mwanzo kwenye chumba chenye ubaridi kuliko vyote ulivyonavyo, juu ya sakafu, zimefunikwa gunia lililoloweshwa. Ukiwa na nafasi kwenye friji, rafu ya chini inafaa kwa siku ya kwanza. Usizifukie mbegu kwa kina, maana aina nyingi za saladi zinataka mwanga ili ziamke. Na pale tu utakapoona ncha nyeupe zinachomoza, zitoe nje kwenye mwanga siku hiyo hiyo. Ukichelewa siku moja, miche itarefuka shingo kama uzi na haitasimama tena.

Miche inadumaa, kingo za majani zimekauka, haina ugonjwa

Tazama unachopandia. Pwani tunabahatika kuwa na makumbi ya nazi yaliyosagwa, na ni kitu kizuri, lakini makumbi mengi yamelowekwa kwenye maji ya bahari ili yalainike, mengine yana chumvi yake ya asili. Yasuuze kwa maji matamu, uyakamue, upime EC ya maji yanayotoka. Rudia mpaka ishuke chini ya 0.5. Kisha yaloweke usiku kucha kwenye maji yenye kalsiamu naitreti kidogo, uyasuuze mara ya mwisho. Ile kalsiamu inasukuma nje sodiamu iliyong'ang'ania kwenye nyuzi. Asiyefanya hivyo anakuza miche ndani ya bahari ndogo.

Miche ikianguka kwa kuoza shingoni palipogusana na makumbi, hicho ni kinyausi. Sababu zake ni maji mengi, msongamano na trei zisizooshwa. Iliyoanguka hairudi. Itoe pamoja na majirani zake, punguza kumwagilia, osha trei kwa maji ya klorini kabla ya kupanda tena.

Saladi inalala mchana

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu dalili hii moja ina vyanzo vinne na kila kimoja kina tiba inayopingana na mwenzake.

Kwanza angalia ni miche mingapi. Ikiwa imelala yote kwa ghafla, mifereji yote, pampu imesimama. Kwenye mifereji myembamba yenye maji ya kupita, mizizi haina akiba. Siku ya jua kali una muda mfupi sana, pengine hata saa moja haifiki, kabla mimea haijafika mahali isiporudi. Usianze kutafuta fundi. Mwagia maji kwa ndoo kutoka kichwani mwa kila mfereji, kila dakika kumi, huku mwingine akishughulikia umeme. Baada ya kupoteza mfereji baada ya mfereji kwa umeme uliokatika mchana wa Februari, nilifunga pampu ndogo ya pili inayoendeshwa na betri na sola, inayowaka yenyewe ya kwanza ikizimika. Kila kitalu kinatakiwa kuwa nayo kabla ya kununua kitu kingine chochote cha kisasa.

Ikiwa ni mfereji mmoja tu, kuna kizuizi. Bomba dogo la kuingizia limezibwa na mizizi au utelezi wa kijani, au mfereji umebonyea katikati maji yakatuama. Pima mtiririko kwa chupa na saa ya simu: lita 1 hadi 2 kwa dakika kwa kila mfereji. Mteremko uwe sentimita 2 hivi kwa kila mita. Mfereji ukizidi mita 12, miche ya mwisho inapokea maji yaliyokwisha kutumika, ya moto na yasiyo na hewa, na utaiona imedumaa kwa mstari kuelekea mwishoni. Huo mstari ukiuona, tatizo ni urefu wa mfereji, si mbolea.

Ikiwa ni nyingi lakini inainuka yenyewe saa kumi na moja jioni, chomoa mche. Mizizi ikiwa myeupe na migumu, mmea ni mzima, unazidiwa tu na jua. Tundika neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 50 kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, halafu itoe. Neti inayoachwa juu siku nzima, mwaka mzima, inakupa saladi nyembamba yenye majani laini yanayovunjika kwenye kreti.

Na ikiwa inalala mchana, usiku inajaribu kuinuka, kesho yake inalala mapema zaidi, mizizi ikiwa ya kahawia, inateleza, ukiivuta ganda la nje linavuliwa kama soksi na kubaki uzi mwembamba katikati, basi ni kuoza mizizi. Mara nyingi anayehusika ni Pythium, kiumbe anayefanana na kuvu, ambaye mbegu zake huogelea majini. Anayemfungulia mlango ni joto. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hayawezi kubeba zaidi ya 7.5, na wakati huo huo mizizi yenye joto inahitaji oksijeni nyingi zaidi. Mizizi inakosa pumzi, inadhoofika, ndipo Pythium anaingia. Kwa hiyo ukimwaga dawa bila kupunguza joto, wiki mbili zijazo utarudi pale pale.

Maji yakae chini ya nyuzi 25, na yakifika 28 hesabu kwamba uko hatarini. Kilichonisaidia ni kulifukia tangi ardhini mpaka shingoni, kufunika mabomba yote ya juu kwa kitambaa cheupe, na kuacha maji ya kurudi yaanguke kwenye tangi kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Watu huniuliza kuhusu chupa za barafu. Barafu inafanya kazi, lakini piga hesabu: kushusha lita 1,000 kwa nyuzi 5 kunahitaji karibu kilo 50 za barafu. Chupa tatu kutoka friji ya nyumbani hazitabadilisha kitu kwenye tangi la ukubwa huo. Kwa tangi la lita 100 sawa.

Mifumo ya kupoza hewa kwa feni na pedi zilizolowa nayo inauzwa sana. Inapoza kwa maji kugeuka mvuke, na hewa ya pwani tayari imejaa mvuke. Dodoma, kwenye hewa kavu, itakupa faida kubwa. Kibaha au Bagamoyo itakupa kidogo kwa gharama ya umeme mwingi. Fedha hiyo iweke kwenye madirisha makubwa ya paa na kwenye maboya.

Nasema maboya kwa sababu nimebadilisha kitalu kimoja kutoka mifereji kwenda kwenye bwawa la kina cha sentimita 25, saladi ikikaa juu ya vipande vya povu vinavyoelea, na pampu ya hewa chini. Maji mengi hupata joto taratibu, na umeme ukikatika kwa muda wa saa nne mimea haijui. Yanahitaji kusukumwa hewa muda wote, hilo ni sharti, ila kwa hali ya hewa yetu nayaona bora kuliko mifereji.

Kama umeshapata kuoza mizizi: toa miche yote iliyoathirika, usijaribu kuiokoa kwa huruma. Mwaga maji yote. Sugua mifereji kwanza kwa brashi, kwa sababu klorini humalizwa nguvu na uchafu. Kisha zungusha maji yenye dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato; ile ya asilimia 3.5, mililita 6 kwa lita moja hukupa klorini takriban 200 ppm. Acha nusu saa, suuza vizuri mara mbili. Dawa hiyo usiichanganye na tindikali ya kushushia pH, hata mabaki yake: hutoa gesi ya klorini inayounguza mapafu.

Majani ya njano

Njano ina mahali pake, na mahali hapo ndipo penye jibu. Jani la chini, kuukuu, likipauka lote pamoja na mishipa, mmea unakosa naitrojeni na unaihamishia kwa watoto. Jani la chini likiwa njano katikati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, ni magnesiamu. Jani jipya la juu likiwa njano, hata jeupe, mishipa ikiwa kijani, ni madini ya chuma.

Hilo la mwisho ndilo la kawaida huku, na chuma chenyewe kwa kawaida kipo ndani ya tangi. Tatizo ni pH. Maji ya visima vingi yana baikaboneti inayopandisha pH kila siku, na mmea wenyewe unapokula naitreti unaipandisha pia. Chuma cha dukani huwa kimefungwa kwa kemikali inayokizuia kisigande. Ukitumia kilichofungwa kwa EDTA, pH ikipita 6.5 kinaachia na kuganda. Cha DTPA kinavumilia mpaka karibu 7.5. Cha EDDHA kinavumilia zaidi ya hapo, ila bei yake inauma, na maji yake mekundu huwatisha wageni. Kwanza shusha pH kwa tindikali ya fosforiki au naitriki, kidogo kidogo, ukivaa glavu na miwani, na daima tindikali ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye tindikali. Majani mapya yatakayotoka yatakuwa ya kijani. Yale yaliyokwisha kuwa njano huenda yasirudi vizuri, usiyatumie kupima kama tiba imefaulu.

Sasa njano yenye tope. Umechanganya mbolea, chini ya ndoo kumebaki unga mweupe au wa kijivu usioyeyuka, na wiki moja baadaye mimea inapauka. Hapo nauliza maswali mawili. La kwanza: ulichanganya vyote kwenye ndoo moja? Kalsiamu naitreti ikikutana na magnesiamu salfeti au fosfeti zikiwa nzito, zinashikana na kuwa jasi au fosfeti ya kalsiamu, chakula kinageuka mchanga. Ndoo A iwe ya kalsiamu naitreti na chuma. Ndoo B iwe ya potasiamu, fosfeti, magnesiamu salfeti na madini madogo. Zikutane ndani ya tangi lenye maji mengi tu, moja ikishachanganyika ndipo nyingine ifuate.

La pili: mfuko uliandikwaje? Dukani ukisema "kalsiamu" unaweza kupewa CAN (kalsiamu amonia naitreti). Ni mbolea nzuri ya kukuzia mahindi, lakini ndani yake mna amonia na unga wa chokaa usioyeyuka. Kalsiamu naitreti ya kilimo cha maji ina naitrojeni 15.5 na kalsiamu karibu asilimia 19, na inayeyuka yote, maji yanabaki angavu. Urea nayo iache kabisa kwenye mfumo huu. Nimeona kitalu kizima kimedumaa kwa sababu ya mfuko mmoja wa CAN ulionunuliwa kwa nia njema, na mwenye nacho alikuwa ameshabadilisha mbegu, neti na pampu kabla ya kusoma mfuko.

EC iko sawa, lakini saladi haikui

Nadhani hili ndilo linalowavunja moyo wengi zaidi, kwa sababu kila kipimo kinasema uko vizuri.

EC hupima chumvi zote, haijui ipi ni chakula. Visima virefu vya ukanda wetu, hasa vilivyo karibu na bahari, vina sodiamu na kloridi. Tuseme kisima chako kina EC 1.1. Ukiongeza mbolea mpaka 1.4, umelisha mimea 0.3 tu. Halafu maji yanazunguka, mimea inakula potasiamu na naitreti, inaiacha sodiamu. Wewe unaongeza maji mengine ya kisima kufidia yaliyopungua, sodiamu inaongezeka. Baada ya wiki tatu kipimo bado kinasoma 1.4 na tangi limejaa chumvi ya mezani. Saladi si mmea wa kuvumilia chumvi. Inakuwa ndogo, ya kijani kizito chenye ubluu, ngumu, kingo za majani makuukuu zimekauka.

Pima maji yako matupu, bila mbolea. Chini ya 0.4, endelea. Kati ya 0.4 na 0.8, mwaga tangi lote kila wiki mbili na uanze upya. Maji hayo usiyatupe, wape minazi, yenyewe inavumilia. Juu ya hapo, usilime saladi kwa maji hayo peke yake. Chaguo ni mashine ya kuchuja chumvi, ambayo ni ghali na hutupa sehemu ya maji, au mvua.

Mvua naipigia debe kwa moyo wote. Kitalu nyumba chenyewe ni paa. Cha mita 8 kwa 24 kina mita za mraba 192, na mvua ya milimita 10 tu inakupa karibu lita 1,900. Dar es Salaam na Pwani tunapata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, masika na vuli. Funga mifereji ya kukingia, mwaga maji ya dakika za kwanza yanayobeba vumbi, yanayofuata yapeleke kwenye tangi lililofunikwa lisione mwanga. Yana EC ya karibu 0.05. Hata yasipotosha mwaka mzima, yachanganye: sehemu moja ya kisima chenye 1.1 na sehemu mbili za mvua hukupa takriban 0.4, na hapo unaweza kulima.

Kando na chumvi, mwenendo wa EC kila jioni ni habari. Ikipanda, mimea inakunywa kuliko inavyokula, ongeza maji matupu. Ikishuka, ina njaa, ongeza mbolea. pH ikiporomoka ghafla bila wewe kuigusa, nenda ukatazame mizizi, huenda inaoza.

Ncha za majani ya ndani zimeungua

Kwa nje saladi ni nzuri, unafungua moyo wake unakuta kingo nyeusi. Huja siku saba hadi kumi kabla ya kuvuna, pale kichwa kinapoanza kujifunga, na supamaketi haipokei hata moja.

Ni upungufu wa kalsiamu ndani ya jani changa, lakini kuongeza kalsiamu kwenye tangi mara nyingi hakusaidii. Kalsiamu husafiri na maji, na maji hupanda pale jani linapotoa mvuke. Majani ya ndani yamefunikwa, hewa ya pwani imejaa unyevu, hayatoi mvuke, kwa hiyo hayapati kitu. Kinachotakiwa ni upepo. Tundika feni ndogo juu ya mistari, zipulize kuelekea chini mpaka uone majani ya ndani yakitikisika kidogo. Shusha EC kuelekea 1.0 wiki ya mwisho. Panua nafasi kati ya mche na mche. Na ikiwezekana kubaliana na mnunuzi uzito mdogo: kuvuna gramu 150 badala ya 200 wakati wa joto hukuokoa na siku zile za mwisho ambazo ncha ndipo zinapoungua. Aina za majani wazi, zile zenye umbo la jani la mwaloni, na Batavia, zinastahimili kuliko zile zinazofunga kichwa.

Uchungu na shina linalorefuka

Joto na siku nyingi shambani. Utomvu mweupe ukionekana kwa wingi unapokata, uchungu umeingia na hautoki kwa kusuuza. Vuna mapema, badilisha aina, weka kivuli. Iliyokwisha kurefuka wape kuku.

Wadudu

Inzi weupe, vidukari, vithiripi. Wote wanaweza kubeba virusi, na vithiripi ndio wa kuogopwa zaidi. Neti ya pembeni iwe na matundu madogo sana, milango iwe miwili inayofuatana, mitego ya gundi ya njano na ya bluu ikaguliwe kila Jumatatu. Kwa kuwa saladi inaliwa mbichi na iko shambani wiki chache tu, dawa nyingi zina siku za kusubiri zinazozidi muda uliobaki kabla ya kuvuna. Soma lebo. Kama siku hazitoshi, usipulize, ng'oa mistari iliyoshambuliwa. Mtoto atakayeila hatauliza ulipata hasara kiasi gani.

Utelezi wa kijani kwenye mifereji, pamoja na vijiinzi vidogo vinavyorukaruka juu yake, maana yake mwanga unaingia. Ziba kila tundu lisilo na mche.

Shambani ni nzuri, supamaketi inarudisha

Uliza imerudishwa ikiwaje. Ikiwa imenyauka, ulivuna saa ngapi? Baada ya saa mbili asubuhi jani limeshabeba joto la mchana. Mimi huanza saa kumi na moja alfajiri, na kreti ya kwanza inaingia chumba cha baridi kabla jua halijapanda. Saladi inataka kukaa karibu na nyuzi 0 hadi 4 mpaka rafuni. Ukiuza ikiwa na mizizi yake, imefungwa kitambaa chenye unyevu, inakaa siku nyingi zaidi, na wateja wa Masaki na Mikocheni wanaipenda.

Ikiwa imeoza ndani ya mfuko, uliifunga ikiwa imelowa. Ikaushe kwa kuzungusha, na mfuko uwe na matundu.

Ikiwa ina madoa madogo ya kahawia kwenye uti wa jani, ulizia imesafiri na nini. Ndizi mbivu, maembe na nyanya hutoa gesi ya ethilini, na saladi iliyopanda gari moja nayo huonyesha madoa siku chache baadaye. Gari la Jumamosi linalokusanya mazao kutoka mashamba mbalimbali ndilo la kuangalia.

Ikiwa rehani (basil, majani ya kunukia) uliyopeleka pamoja na saladi ndiyo iliyorudi nyeusi, imewekwa kwenye ubaridi wa saladi. Rehani haivumilii chini ya nyuzi 10 au 12. Mwambie meneja wa mboga aiweke nje ya friji, kwenye chombo chenye maji kama maua. Wengi hawajui, na wanashukuru wakiambiwa.

Na ikiwa hawakurudisha kitu ila wamelalamika kwamba umeleta pungufu, rudi kwenye kalenda ya kupanda. Kwa oda ya vichwa 200 kila wiki, napanda mbegu 260, kila wiki, hata wiki ambayo kitalu kinaonekana kimejaa: nyingine hazioti, nyingine hazifai kuuzwa. Miche inakaa wiki mbili kwenye trei na wiki nne kwenye maji, kwa hiyo nahitaji nafasi zaidi ya 900. Masika, mawingu ya Aprili huongeza karibu wiki nzima kwenye kukua. Pengo la Aprili huzibwa mwezi Machi, wakati jua bado linawaka na hakuna anayefikiria mvua: wiki hizo napanda mbegu 320, na nafasi za ziada naziandaa kwenye bwawa la maboya.